Chupa ya Mafuta na Nyoka wa Shaba

Mwaka juzi mama mdogo wangu alilazwa kwa kidonda cha mguu. Ana sukari miaka mingi sasa. Nilipofika wodini jioni, juu ya kabati dogo la pembeni ya kitanda nilikuta chupa ya uji, miwani, Biblia yake ya zipu, na kichupa cha plastiki chenye mafuta ya njano. Nilikishika kile kichupa. Kilikuwa na stika. Kwenye stika kuna picha ya mhubiri aliyevaa suti ya bluu, mkono juu, macho yamefumbwa. Chini yake maneno "Mafuta ya Upako". Chini kabisa namba ya kutuma sadaka kwa simu. Nilikigeuza mara mbili nikitafuta jina la Yesu. Halikuwepo.

"Mama mdogo, hii umeitoa wapi?"

"Nililetewa, mwanangu. Nilikuwa napaka hapohapo kwenye kidonda. Nikaambiwa nisichanganye na sindano, kwamba nikichoma sindano nakuwa na shaka."

Wiki tatu hakuchoma insulini. Madaktari walimkata vidole viwili vya mguu.

Huyu ni mama aliyeimba kwaya ya kina mama kwa zaidi ya miaka thelathini. Anajua zaburi kwa moyo kuliko mimi. Kwa hiyo usiniambie kwamba hakuwa na imani, au kwamba hakuwa ameshika Neno. Alikuwa na vyote viwili, na bado chupa ikapita katikati.

Tunapozungumzia mambo yanayowatoa Wakristo kwenye msingi, kwa kawaida tunaanza na yaliyo nje: simu, muziki wa kidunia, tamthilia, mavazi ya vijana, pombe. Yapo, na nitayagusa. Lakini chupa ile haikutoka baa. Ilitoka madhabahuni, ikaombewa, ikabebwa na dada wa kanisani kwa nia njema kabisa. Kinachomsogeza Kristo kando siku hizi huja kimevaa kanzu, kinamtaja Mungu, na kina ushuhuda. Ndiyo maana ni vigumu kukiona, na ni vigumu zaidi kukisema bila kuonekana unapinga kazi ya Roho.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, kuna mstari mmoja ambao nimeupita mara nyingi bila kusimama. Mfalme Hezekia anaisafisha ibada ya Yuda. Anaondoa mahali pa juu pa kuabudia, anabomoa nguzo, anaikata sanamu ya Ashera. Hapo kila mcha Mungu angepiga makofi. Kisha anavunja vipande vipande nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa. Huyu hakuwa mungu wa Wakanaani. Alitengenezwa jangwani kwa agizo la Mungu mwenyewe, na kila aliyeumwa na nyoka akimtazama alipona. Habari hiyo iko Hesabu 21. Tuseme alikuwa na ushuhuda uliothibitishwa kuliko chupa yoyote ya leo. Lakini karne zilipita, na Waisraeli wakawa wanamfukizia uvumba. Hezekia akamwita Nehushtani, kama anayesema: hiki ni kipande cha shaba.

Nyoka yule hakubadilika hata kidogo. Watu ndio walioutoa uponyaji mkononi mwa Mungu wakauweka ndani ya shaba.

Mafuta nayo yana mahali pake halali. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Tazama mambo yanavyokwenda pale. Mgonjwa hapangi foleni, wazee ndio wanaomfuata kitandani. Jina linalotajwa ni la Bwana. Hakuna mahali pa kulipia. Na wazee wenyewe wanajulikana, ni watu wa kanisa lake, kesho atawaona tena. Ukiyaondoa hayo yote ukabakiza mafuta peke yake, unapata bidhaa. Na bidhaa haina budi kuongezewa nyingine, kwa hiyo baada ya mafuta yamekuja maji ya upako, chumvi ya upako, keki, udongo, leso, stika za kubandika mlangoni na kwenye kioo cha gari.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika uwanja wa mpira wakati wa mkutano wa injili. Walikanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini, kwa sababu walikuwa wameambiwa kuyakanyaga kunaleta baraka na uponyaji. Kati yao walikuwemo watoto. Mimi kila nikipita Moshi nalifikiria jambo moja ambalo sijui kama tumewahi kukaa chini tukalitafakari kama Wakristo. Mji huohuo una KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa, kwa sababu Wakristo wa kizazi kile walisoma habari za Yesu akiponya wakasema basi na sisi tutunze wagonjwa. Wagonjwa wangapi wamepita pale tangu wakati huo! Ile nayo ni kazi ya mikono ya watu wanaomwamini Kristo, lakini haikuhitaji mtu akanyagwe.

Sasa, kabla hatujawacheka wanaokimbilia mafuta, tuulize wanakimbia nini. Mtu amezunguka na ugonjwa miezi minane, kila kipimo kina bei yake, bima hana. Mwingine amemaliza chuo miaka sita iliyopita na bado anapeleka bahasha za maombi ya kazi. Mwingine ndoa inavunjika, na moyoni ana hakika kuna mkono wa mtu. Huyu wa mwisho hasa ndiye tuliyemtelekeza. Makanisa yetu ya zamani, kwa sehemu kubwa, yaliufunga mjadala wa uchawi kwa kusema mambo hayo hayapo, kisha yakaenda kwenye ajenda inayofuata. Lakini hofu haiondoki kwa kuambiwa haipo. Mtu aliketi kwenye benchi la kanisa na hofu yake, miaka nenda miaka rudi, mpaka akatokea mtu wa kwanza aliyeitaja kwa jina: laana za ukoo, maagano ya mababu, madhabahu za familia. Alisikia kwamba hatimaye kuna mchungaji anayeniona. Kwamba yule mchungaji kisha alimuuzia chupa ni dhambi ya mchungaji. Kwamba sisi hatukumuona ni yetu.

Tulishapata onyo. Mwaka 2011 Tanzania nzima, na majirani wa Kenya pia, ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini. Wengine walifia njiani. Matajiri na viongozi walikwenda kwa helikopta. Mzee yule hakujenga kasri kwa zile mia tano, na simhukumu, ameshatangulia mbele za haki tangu 2021. Ninachokikumbuka ni mazungumzo ya kwenye daladala na sokoni wakati ule. Swali lilikuwa moja tu: umekunywa? Wapo walioacha dawa zao za kudumu. Na kikombe kilipopoa hatukuulizana chochote. Hatukukaa makanisani tukajiuliza kwa nini watu waliokuwa na Meza ya Bwana kila mwezi waliona kikombe kingine kina nguvu kuliko kile.

Sikiliza salamu zetu. Mlutheri au Mpentekoste akisimama mbele ya watu anasema "Bwana Yesu asifiwe," wanajibu "Amina." Mkatoliki anasema "Tumsifu Yesu Kristo," wanajibu "Milele amina." Salamu hizi ni mahubiri mafupi. Sifa inakwenda kwake, mimi sipo humo ndani, hata shida yangu haimo. Kisha sikiliza neno linalotawala sasa kwenye mikutano na kwenye simu: "Pokea!" Na jibu: "Napokea!" Pokea gari, pokea nyumba, pokea mume, pokea visa. Katika lugha yenyewe kitu kimehama. Kwenye "asifiwe" macho yanamwangalia yeye; kwenye "napokea" macho yanaangalia viganja vyangu. Sisemi kupokea ni dhambi, Yesu mwenyewe alisema ombeni nanyi mtapewa. Lakini neno linalorudiwa mara mia kwa wiki linamlea mtu, na mtu aliyelelewa kwa "pokea" siku asipopokea hana pa kusimama. Ama atajilaumu kwamba imani yake ni ndogo, ama atahamia kwa nabii mwingine. Nimewaona wa aina zote mbili, na nimewaona pia waliokwenda hatua ya tatu, wakaachana na Mungu kabisa kwa sababu waliahidiwa kwa jina lake asichoahidi.

Kuna maneno manne katika Danieli 3 ambayo sijayasikia kwenye mkutano wowote wa upako. Vijana watatu wamesimama mbele ya tanuru huko Babeli, mfalme anataka waisujudie sanamu yake. Wanasema Mungu wetu aweza kutuokoa. Hadi hapo mhubiri yeyote wa leo anaweza kuendelea nao. Kisha wanaongeza: "Bali kama si hivyo." Kama hatatuokoa, hatutaisujudia sanamu yako. Imani yao haikuning'inia kwenye matokeo, ndiyo maana moto haukuwa na cha kuwanyang'anya.

Hilo si jambo la Babeli tu. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Uganda, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Wamisionari wa kwanza walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877. Hesabu mwenyewe: injili ilikuwa haijatimiza hata miaka kumi katika nchi ile. Hawakuwa na chuo cha teolojia wala Biblia nzima katika lugha yao. Wengine walikuwa wamebatizwa siku chache tu kabla ya kufa, na kiongozi wao Charles Lwanga ndiye aliyewabatiza. Walichokuwa nacho ni Kristo, na ile "kama si hivyo." Leo mahujaji wanatembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania kwenda Namugongo kila Juni, na wengi hubeba vidumu vya kuchotea maji ya kisima cha pale. Sina ugomvi na anayekunywa yale maji. Natamani tu arudi na ile "kama si hivyo" pia, maana haiingii kwenye kidumu.

Nimeahidi kuyagusa ya nje. Simu kwanza. Tatizo langu na simu si picha chafu tu, hizo kila mtu anazijua. Ni kwamba imetuzoesha mahubiri ya sekunde sitini. Kipande kinachosambaa ni kile kinachosisimua: nabii amemtajia mtu namba yake ya kitambulisho, pepo analia, mchungaji mmoja anamtukana mwenzake. Chini yake: "Andika Amina kama unapokea." Mtu anaandika Amina arobaini kwa siku na hajasoma sura moja. Na ibadani tumeiweka Biblia kwenye chombo kilekile kinacholeta ujumbe wa kikoba na matokeo ya Simba na Yanga, halafu tunashangaa kwa nini hatumalizi mistari mitano bila kidole kuteleza. Mimi nimerudi kwenye Biblia ya karatasi kwa sababu hiyo, sioni aibu kusema.

Lakini kabla ya simu, na kabla ya manabii, makanisa yetu yenye heshima yana kitu cha kujibu. Jumapili moja nilishika saa. Mahubiri yalichukua dakika 18. Matangazo, bahasha, ahadi za jengo, mchango wa gari la mchungaji na harambee ya kwaya vilichukua dakika 47. Kisha tukatoka nje kwenye mnada. Nauheshimu mnada, asili yake ni nzuri, yule asiye na pesa analeta kuku au mkungu wa ndizi, na sadaka yake inageuzwa kuwa fedha. Lakini siku ile nilimwona mzee wa kanisa amemshika jogoo miguu, anapaza sauti, elfu kumi na tano, elfu kumi na tano, nani anaongeza, na pembeni yake kijana mgeni aliyekuja kanisani kwa mara ya kwanza anasubiri mtu wa kumsalimia. Alisubiri mpaka jogoo akauzwa. Akaondoka. Sikumwona tena. Na mimi niliyekuwa namtazama sikusogea, nilikuwa nasubiri kununua mayai.

Yule kijana akienda kesho kwa anayemwambia "wewe mwenye shati la kijani, Mungu amenionyesha shida yako," nani wa kumlaumu?

Wapo wanaodhani serikali itatusaidia. Rwanda mwaka 2018 ilifunga makanisa kwa maelfu, ikaweka sheria inayowataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya teolojia. Kenya nayo ilishtuka mwaka 2023 baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Serikali ina wajibu wa kulinda uhai, na pale Shakahola ilichelewa mno. Majengo mabovu yafungwe, wauaji washitakiwe. Ila mkaguzi anaweza kupima choo na kelele za spika. Hawezi kupima nani ameketi katikati ya ibada. Hata cheti hakipimi. Na Shakahola inatufundisha jambo la kutisha zaidi: pale jina la Yesu lilitajwa sana, kuliko kwenye chupa ya mama mdogo. Kwa hiyo kulitaja tu hakutoshi. Waumini wale walikuwa wametengwa na ndugu, hospitali na shule, na mtu mmoja ndiye aliyebaki kuwaambia Yesu anataka nini. Pale ambapo ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuifungua Biblia, na hakuna wa kuinua mkono kusema "baba mchungaji, hapa mbona imeandikwa tofauti," huyo mtu ameshaketi kwenye kiti kisicho chake, hata kama kila sentensi yake inaishia na Amina.

Ndiyo maana tumaini langu liko mahali padogo, kwenye jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliipa jumuiya ndogondogo kipaumbele katika miaka ya 1970, na sisi Walutheri tunazo zetu. Nyumba kumi au kumi na tano, asubuhi na mapema, viti vya plastiki uani, Biblia moja kwa watu wawili. Hakuna spika. Kila mtu anajua shida ya mwenzake, kwa hiyo hakuna haja ya nabii kuifunua. Mgonjwa akikosa nauli ya kliniki inachangwa palepale. Na mtu akisema jambo la ajabu, bibi wa miaka sabini anamuuliza, "Mwanangu, hilo umelisoma sura gani?"

Mama mdogo aliporudi nyumbani hakuwa anataka kwenda popote. Aliona aibu ya mguu na aibu ya kudanganyika. Jumuiya ikamfuata. Wazee wawili walikuja wakamwombea, na mmoja wao akampaka mafuta kama Yakobo alivyosema, mafuta ya kupikia ya jikoni kwake mwenyewe, yaliyomiminwa kwenye kisosi. Sindano ilikuwa palepale mezani. Yule mzee alimuuliza kama ameshachoma ya asubuhi, akasubiri hadi achome, ndipo akaanza kuomba.

Jumamosi iliyofuata tulisoma Yohana 6. Ni sura ya watu waliokula mikate wakashiba, kisha wakavuka ziwa kumtafuta Yesu. Anawaambia wazi: "Mnanitafuta, si kwa sababu mliona ishara, bali kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba." Hadi mwisho wa sura wengi wamerudi nyuma. Anawageukia wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili: ninyi nanyi mwataka kuondoka? Mama mdogo ndiye aliyekuwa zamu ya kusoma. Alifika kwenye jibu la Petro, "Bwana! Twende kwa nani?" akanyamaza. Tukadhani miwani. Akasoma tena mstari uleule, taratibu, kisha akaufunga mguu wake vizuri kwa kanga.

Baadaye, tukiosha vikombe, aliniuliza jambo ambalo bado sijalijibu. "Hivi yule Hezekia uliyenisomea hospitali. Wakati anamvunja yule nyoka, hakuogopa? Maana ni wa Musa."

Nilimwambia nitatafuta. Wiki ijayo jumuiya ni kwangu, na tumekubaliana tusome sura hiyo yote.